Mwambie Konda Kwanza

Mwanangu, hebu kaa kidogo. Najua una haraka. Chuo kinafunguliwa Jumatatu, tiketi umeshakata kwenye simu, na tenga la mapeasi ya shangazi yako wa Mbezi, Dar, bado halijafungwa. Tutalifunga. Nataka tuzungumze habari ya basi, kwa sababu jana nilikusikia ukimwambia mwenzako kwamba lile la bluu ndilo la kupanda, "linakimbia balaa". Nilinyamaza, si vizuri kumkatiza mtu anayeongea na simu. Leo sinyamazi.

Nianze na mlima wetu, maana huo unaujua. Kutoka hapa Lushoto hadi Mombo ni kama kilomita 33. Njia yenyewe ilichongwa ubavuni mwa mlima tangu enzi za Mjerumani, mji huu ukiitwa Wilhelmstal. Upande mmoja mwamba, upande wa pili bonde. Mvua za masika zikikolea, udongo hushuka barabarani na magari husubiri vijana wa koleo. Asubuhi ya Julai ukungu hukaa mpaka saa tatu, na dereva anawasha taa kama usiku.

Sasa siku ukishuka kwa basi, usitazame bonde, utazame abiria. Utaona watu wana adabu ajabu. Mama anamshika mtoto kiunoni. Mzee anaacha kusinzia. Wale vijana wa siti ya nyuma waliokuwa wanabishana Simba na Yanga wanapunguza sauti. Dereva naye anashuka kwa gia ndogo, injini inaguna, kila kona anapiga honi. Na sisi Wasambaa tuna masikio ya injini. Dereva akiweka "free" ili aokoe mafuta, injini inakuwa kimya ghafla, na hapo hapo vichwa vinainuka basi zima. Atatokea mtu, mara nyingi mama wa makamo mwenye kikapu, atasema, "Baba, rudisha gia." Hasemi kwa ukali. Na dereva anarudisha. Anajua kuwa breki zikishikwa mfululizo kuanzia Soni hadi chini zinapata moto, zinaanza kunuka, na zikishapata moto hazishiki tena. Anajua vilevile kwamba abiria wote wanajua.

Halafu mnafika Mombo.

Hapo ndipo ninapotaka unisikilize. Basi likishasimama Mombo, watu hushusha pumzi. Wananunua vitunguu, wananunua maji, wanakwenda kuchimba dawa. Wakirudi ndani wanafungua mkanda, wanalaza siti, wanaziba masikio na muziki. Wanaona hatari wameiacha kule juu, kwenye kona za Soni. Mbele kuna lami iliyonyooka, mashamba ya mkonge kulia na kushoto, na dereva ambaye kwa saa nzima alikuwa amebanwa na mlima. Sasa anataka kufidia muda. Na abiria walewale waliomwambia arudishe gia, hawasemi neno. Wengine wanamshangilia.

Mlima tunauogopa kwa sababu tunauona. Tambarare inatulaza. Lakini hebu kumbuka vilio tulivyovisikia miaka hii ya karibuni, vilitoka wapi. Februari 2023, usiku, pale Magila Gereza wilayani Korogwe, Fuso liligongana na Coaster iliyobeba jeneza na wafiwa waliotoka Dar es Salaam kwenda kuzika Kilimanjaro. Siku ile ile walihesabiwa maiti 17, na idadi ikapanda baadaye. Juni 2025, pale Sabasaba, Same, basi na Coaster vikagongana na kushika moto. Karibu watu 40 wakapotea, wengi hata sura hazikutambulika. Njia ni moja, hii ya Dar kwenda Moshi, ndiyo unayoingia ukifika Mombo. Kote kule hakuna bonde.

Nitakueleza jambo langu, ingawa mama yako mdogo akinisikia atasema nimelipunguza makali. Ujanani nilikuwa nauza kabichi na karoti Kariakoo. Mzigo ulitangulia usiku kwa lori, nami nikafuata kwa basi la asubuhi pamoja na huyo mdogo wangu. Hofu yangu ilikuwa moja tu: nikichelewa, dalali atauza mali yangu kwa bei anayoijua yeye, na zile zilizopondeka atazihesabu zote ni zangu. Kwa hiyo nilikaa nyuma ya dereva nikawa namhimiza. "Kaka, kanyaga, kabichi zinaoza!" Watu walicheka. Dereva alicheka pia, akanitazama kwenye kioo, akakanyaga. Nilijiona mjanja, mwanamke wa biashara ninayejua kuongea na wanaume.

Mdogo wangu aliogopa. Tulipoipita Mombo aliniegemea sikioni akasema, "Dada, mwambie apunguze." Nilimfinya paja. Nilimwambia asinitie aibu mbele za watu. Basi akanyamaza. Mbele kidogo dereva alikuwa analipita lori, akakuta gari linakuja, akarudi kwa nguvu upande wake. Basi likatoka barabarani, likalala ubavu ndani ya mkonge. Hakufa mtu, namshukuru Mungu hadi leo. Ila mkonge unazijua ncha zake. Tulitoka madirishani tukachomwa usoni na mikononi, wanawake wengine kanga zimebaki ndani. Mkono wa mdogo wangu ulivunjika kwenye kiwiko, ukaungwa vibaya. Umeuona. Akipokea sahani huwa anaipokea kwa mkono wa kushoto, na wageni wasiojua humwona hana heshima.

Usidhani alinisamehe kimyakimya kama kwenye tamthilia. Amenilaumu, tena mbele ya wakwe zangu. Ana haki. Dereva alishika usukani, lakini mimi nilikuwa nimeweka mguu wangu juu ya wake.

Kwa hiyo ninapokwambia abiria huendesha gari, sisemi kwa mafumbo. Tuna midomo mingi kuliko tunavyodhani, ila tunaitumia kinyume. Tukiona basi lingine linatupita, tunaumia kana kwamba tumetukanwa. "Suka, tunapitwa!" Tukipita vijijini pale penye kibao cha 50, tunalalamika kwamba dereva ana usingizi. Gari la mbele likipiga taa kuonyesha kuna trafiki ana tochi, basi zima linafurahi dereva wetu akipunguza kwa wakati, na likishapita kona tunafurahi tena anapoongeza. Na umeshaona yale ya mkanda. Konda anapita anaita, "Mikanda, mikanda, trafiki mbele!" Watu wanavuta mkanda kutoka chini ya siti, wanaupitisha tumboni, lakini hawaufungi, wanashika kile chuma kwa mkono. Trafiki anachungulia, anashuka, na mikono inaachia yote kwa pamoja. Nimewahi kukaa karibu na kijana kama wewe, amevaa shati jeupe. Nikamuuliza mbona hafungi. Akanionyesha mkanda ulivyo na vumbi. Shati, mwanangu. Aliogopea shati.

Ukiwauliza, watakwambia ajali haina kinga. Msemo huu nimeuchoka. Nimeusikia stendi, nimeusikia msibani, nimeusikia kwa konda akiongeza ndoo ya kukalia katikati ya njia. Mbona malaria tunaweka chandarua? Mbona mahindi tunatia dawa kabla ya kuyahifadhi? Kuna mhubiri anayeingia basini pale Mbezi kabla halijaondoka, anatuombea safari njema na kukusanya sadaka. Mimi humpa, na husema amina. Kisha nafunga mkanda. Wenzetu msikitini nao wamefundishwa kwamba ngamia hufungwa kwanza, ndipo akaachiwa Mungu. Sijamsikia shehe wala mchungaji akisema tofauti.

Lakini najua sababu hasa ya vijana kunyamaza. Dini haimo. Mnaogopa kuchekwa. Ukisema "dereva, punguza", konda atakujibu, "Nunua gari lako!" Na basi litacheka. Hilo jibu ni la zamani, nami niliwahi kulicheka likielekezwa kwa wengine. Linauma. Mtu akishajibiwa hivyo mara moja, safari nyingine zote anameza maneno yake pamoja na biskuti.

Sasa sikiliza habari ya majirani zetu Kenya, ambayo inanifurahisha kila nikiikumbuka. Wataalamu wawili wa uchumi, James Habyarimana na William Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown huko Marekani, walibandika karatasi ndani ya matatu za masafa marefu. Karatasi tu, zenye picha na maneno ya kuwahimiza abiria wapaze sauti dereva akiendesha vibaya. Magari ya kubandikwa yalichaguliwa kwa bahati nasibu, mengine yakaachwa bila kitu ili walinganishe. Madereva nao waliwekewa bahati nasibu ya zawadi ili wasizibandue. Matokeo yalitangazwa mwaka 2009: magari yenye karatasi yalipeleka madai ya bima pungufu kwa nusu na zaidi kuliko yale mengine. Walirudia baadaye kwa magari mengi zaidi, kampeni ikiitwa Zusha, na madai yakapungua tena, mara hii kwa kati ya robo na theluthi. Hawakubadilisha barabara. Hawakuongeza askari. Kilichoongezeka ni ruhusa. Karatasi ile ilimwambia abiria kwamba kusema si ukorofi, na ilimwambia konda vilevile, kwa kuwa naye anajua kusoma.

Mama yako mdogo hakuhitaji karatasi. Yeye tangu mkono ule hukaa mbele, na kabla basi halijatoka stendi anamsalimia dereva kama anavyosalimia watoto wa nyumbani. Anamuuliza alilala saa ngapi. Anamuuliza kama amekula. Kisha anamwambia, "Mwanangu, mimi leo sina haraka kabisa." Basi. Hamfundishi kazi. Na nikwambie, madereva wale wanampenda. Mmoja aliwahi kumwambia kwamba tajiri wake anampigia simu kila saa kuuliza amefika wapi, abiria nao wanampigia kelele, na bibi huyu ndiye mtu pekee aliyemwambia hana haraka. Dereva naye ni mtoto wa mtu. Anadaiwa hesabu, amelala saa chache, mgongo unamuuma.

Wewe huwezi kumwita dereva mwanangu, atakushangaa. Lakini unaweza kufanya mengine. Ukiona mwendo haukupendezi, usingoje mpaka uanze kupiga kelele. Mgeukie wa jirani, umuulize, "Huoni kama tunakimbia sana?" Mara nyingi atasema ndiyo, tena kwa haraka, kwa sababu naye alikuwa anangoja mtu aanze. Mkishakuwa wawili mna nguvu. Mtafute mzee au mama mtu mzima aliye karibu, mwombe aseme. Sisi wazee tunadharauliwa mambo mengi siku hizi, lakini ndani ya basi bado tunasikilizwa kidogo. Mwite konda aje mlipo, msemeshe kwa sauti ya kawaida. Usimpigie dereva kelele akiwa katikati ya kulipita gari. Hapo mwache amalize. Na konda akikwambia ununue gari lako, mwambie ukilinunua utamwajiri. Watu watacheka, ila watakuwa upande wako.

Ikishindikana, kuna LATRA, wale wasimamizi wa mabasi, na kuna trafiki. Namba za kupiga bure hubandikwa ndani ya mabasi. Zisome mapema, kabla hamjaondoka, uziweke kwenye simu. Mabasi haya yamefungwa mfumo wa VTS unaoonyesha mwendo wa gari huko ofisini kwa LATRA, na wapo wanaouchezea ili usionekane. Mashine inaweza kudanganywa. Watu hamsini waliokaa ndani na macho yao ni vigumu kuwadanganya, kama hawajalala.

Kingine ni usiku. Nyinyi mmeukuta kama zawadi. Sisi tuliishi miaka mingi mabasi yakiwa yamezuiwa kusafiri usiku, tangu miaka ya 1990, kwa sababu ya ajali. Zuio likaondolewa Oktoba 2023. Sisemi ni vibaya, wafanyabiashara walilia sana na wana hoja. Nasema tu kwamba hesabu yako ya kuokoa siku nzima naijua. Unapanda usiku ili ulale garini, asubuhi uingie darasani. Unalala, sawa. Uliza tu ni nani asiyelala. Safari ya Dar haifiki hata saa kumi, mchana unatosha, na mchana unaliona lori lililoharibika barabarani kabla hujayaona yale majani waliyotandaza nyuma yake.

Na gari la ukoo. Hili nakuomba ulishike, kwa kuwa utakuwa mtu mzima na utaitwa kwenye vikao. Umeona zile ajali mbili nilizokutajia: moja ilikuwa ya msiba, na katika nyingine wapo waliokuwa wakienda harusini. Tunakodi Coaster, tunajazana ndugu watupu, dereva tumempata jioni ile ile kwa bei nafuu, ametoka kwenye safari nyingine. Hakuna konda wa kugombana naye, na ndugu kwa ndugu tunaoneana haya. Nani atamwambia mjomba kwamba dereva aliyemleta anasinzia? Tunasema msiba hausubiri. Msiba unasubiri. Marehemu hana haraka hata kidogo. Sisi hapa kijijini tutakaa na maiti mpaka kesho saa kumi, tutakoka moto, tutapika chai. Siku nikifa mimi, mwanangu, nisikie huko niliko kwamba mmelala Korogwe mkaja asubuhi. Nitafurahi. Mtakaofika usiku kwa mbio, nitawakasirikia.

Naona unaangalia saa. Haya, namaliza, maana tenga nalo linatungoja.

Kesho omba siti ya dirishani, katikati ya basi. Kabla hujaweka begi, vuta mkanda uone kama unafunga. Kama haufungi, mwambie konda akuhamishe wakati stendi bado ni stendi. Mkishafika Soni hatakusikiliza. Vaa shati la rangi. Tenga liende kwenye buti, lisikae njiani miguuni mwa watu. Mlimani utakuwa macho, hilo sina wasiwasi nalo. Mombo ununue vitunguu vyako, urudi, ufunge mkanda upya.

Na ule mtindo wako wa kunipigia simu kutoka Korogwe, "Mama, huyu dereva anakimbia sana," halafu unakata nabaki natetemeka na mwiko mkononi, uache. Mimi niko Lushoto. Sishiki usukani wala breki. Mwambie konda kwanza, kisha ndiyo unipigie, uniambie amejibu nini.